Wapi pa kutafuta wazo la riwaya ya kutisha

"Shikamoo mwalimu. Nina umri wa miaka 26, ni mzaliwa wa Tanga na sasa ninaishi Dar es Salaam. Kwa miaka miwili nimetamani kuandika riwaya ya kutisha yenye majini na mizimu. Kwa kuwa mchana niko kazini, huandika usiku hadi saa saba au saa nane. Kila nikikaa mezani zinanijia picha za filamu tu: jumba kubwa lililozungukwa na theluji, mwanasesere anayegeuza shingo, kasisi aliyeshika msalaba. Nikijaribu mambo ya kwetu naona ni hadithi za watoto, au naona ninaeneza ushirikina. Mama ameniambia, 'Ukiyaandika usiku, utayaita.' Juzi niliamka saa tisa usiku nikashindwa kutikisa hata kidole, nikahisi mtu amenikalia kifuani. Tangu hapo sijaandika. Je, ilhamu ya riwaya ya namna hii hupatikana wapi, na nitajuaje kwamba wazo langu linatosha kuwa riwaya?"

Marahaba, binti yangu. Barua yako ina maswali mawili uliyoyaweka mwishoni na jingine ulilolificha katikati, nami nitaanza na hilo la katikati, kwa sababu si haki kumfundisha kazi ya riwaya mtu ambaye anaogopa kulala.

Yaliyokupata saa tisa usiku yana jina la siku nyingi katika lugha yetu: ni jinamizi. Madaktari wa usingizi huyaeleza hivi. Usingizi wa binadamu hupita katika hatua mbalimbali, na katika hatua ile ambayo ndoto huwa nyingi na za wazi kuliko zote, ubongo huilegeza karibu misuli yote ya mwili, ili mtu anayeota kwamba anakimbia asiinuke kweli akajigonga ukutani. Macho huachwa huru, na misuli ya kupumulia huendelea na kazi yake. Mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Hapo unakiona chumba chako mwenyewe, dirisha ni lilelile na chandarua ni kilekile, lakini mkono hauinuki na sauti haitoki, na kwa kuwa ndoto nayo haijakwisha, inamalizikia humo chumbani mbele ya macho yako. Kifua huonekana kizito kwa sababu unajaribu kuvuta pumzi kwa nguvu ilhali mwili haujaanza kukutii. Akili iliyofungwa namna hiyo hutafuta adui aliyeifunga, na isipomwona humuumba: kivuli kilichosimama mlangoni, mtu aliyekalia kifua. Hali hiyo hupita yenyewe baada ya sekunde kadhaa au dakika chache, na huwapata zaidi watu wanaokosa usingizi wa kutosha, wanaobadilisha saa za kulala, walio na wasiwasi mwingi, na wanaolala chali. Wewe unaandika hadi saa nane usiku kisha unawahi kazini asubuhi. Sishangai hata kidogo.

Kwa hiyo anza kwa kulala. Hamishia uandishi wako alfajiri au mwisho wa juma, lala ubavu, na kama dua kabla ya kulala hukutuliza, omba dua. Jinamizi likikujia mara kwa mara, au ukawa unasinzia mchana hata katikati ya mazungumzo, au ukaanza kuona na kusikia mambo ukiwa macho kabisa, au hofu ya kulala ikakufanya ukeshe, nenda hospitali ukaonane na daktari ana kwa ana na umweleze kama ulivyonieleza mimi. Jambo hilo lina tiba, na hakuna riwaya inayostahili kuandikwa kwa gharama ya afya ya mwandishi. Kuhusu neno la mama yako, sitasema kwamba amekosea. Nitalirudia mwishoni, kwa sababu lina thamani kubwa kuliko unavyodhani.

Sasa litazame hilohilo jinamizi kwa jicho la mwandishi. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urudishwe, kisiwa cha Pemba kilikumbwa na hofu ya popobawa, na hofu hiyo ikavuka hadi Unguja, kisha ikafika pwani ya bara. Watu walisema kwamba kiumbe huyo huingia usiku, humkandamiza mtu kitandani na kumdhalilisha, kisha humwamuru awatangazie wengine yaliyompata, la sivyo atarudi. Familia zilitoka ndani zikalala uani, watu wazima na watoto pamoja, wakiuzunguka moto hadi kuche. Watafiti waliochunguza masimulizi hayo waliliona jinamizi ndani yake waziwazi: uzito kifuani, mwili uliokufa ganzi, sauti isiyotoka. Hata hivyo jinamizi huwapata watu wa kila nchi na kila mwaka, wala haliwatoi watu wa mtaa mzima nje ya nyumba zao. Kitu kingine kilikuwa kimeongezeka. Mimi hukiona katika ile amri ya kutangaza. Mtu amefanyiwa jambo la aibu gizani, na njia pekee ya kuokoka ni kulisema mbele ya majirani, katika mwaka ambao jirani alikuwa hamwamini tena jirani yake kwa ajili ya siasa. Ukiniuliza riwaya imo wapi katika habari ya popobawa, nitakwambia haimo katika mabawa yake. Imo mdomoni mwa yule baba wa familia ambaye kumekucha, watu wamekaa wakimsubiri, naye lazima aseme.

Umeuliza ilhamu hupatikana wapi kana kwamba ni mvua, mtu husubiri tu imwagike. Dhana hiyo imewakatisha tamaa vijana wengi wenye kipaji. Mfano unaotajwa sana ni ule wa Mary Shelley, msichana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 18, ambaye mwaka 1816 alikuwa kando ya ziwa Geneva na wenzake, mmoja wao akiwa mshairi Byron. Watu husimulia kwamba alimwona kiumbe wake kati ya usingizi na kuamka, akaiandika riwaya ya Frankenstein. Husahau aliyoyasimulia mwenyewe baadaye: kwamba kila asubuhi aliulizwa kama amepata hadithi, na kila asubuhi alilazimika kujibu kwamba bado. Majira ya joto ya mwaka ule yalikuwa ya baridi na mvua isiyokwisha, kwa kuwa mwaka uliotangulia volkano ya Tambora huko Indonesia ililipuka na vumbi lake likaufifisha mwanga wa jua katika sehemu kubwa ya dunia. Walifungiwa ndani wakisoma kwa sauti hadithi za mizuka na kubishana juu ya majaribio ya umeme na asili ya uhai, na yeye mwenyewe alikuwa ameshafiwa na mtoto wake mchanga mwaka uliotangulia. Picha ilipomjia usiku, ilikuta nyumba imeshajengwa. Alikuwa ameshakusanya vifaa vyote, kimoja kimoja, bila kujua anavikusanyia nini.

Vifaa vyake vilikuwa vya kwake, nawe huna budi kukusanya vyako. Kinachokushinda katika lile jumba la theluji si ugeni wake. Ni kwamba hujawahi kuishi humo, kwa hiyo hujui ni sauti ipi ya usiku ni ya kawaida na ipi si ya kawaida. Hofu ya msomaji hufanya kazi kwa kanuni moja ambayo nimeiona ikithibitika katika miswada mingi niliyoihariri: kwanza ada, kisha ufa ndani ya ada. Msomaji anapaswa kujua kwamba katika nyumba hii mlango wa uani hufungwa saa mbili usiku kwa komeo la mbao na kwamba komeo hilo hukwama kila masika. Akishalijua hilo mpaka amelizoea, siku atakaposikia komeo likifunguka kwa ulaini, bila kukwama, mwili wake utashtuka kabla akili yake haijajua kwa nini. Mtu asiyeijua ada hawezi kuuona ufa. Miswada inayonichosha ni ile inayoanza na fuvu, damu na radi katika ukurasa wa kwanza, kwa sababu hakuna kilichovunjika. Tumekuta kila kitu kimeshavunjika.

Kwa hiyo ukinitaka nikuelekeze mahali pamoja tu pa kuanzia, nitakuelekeza kwenye miiko ya nyumba uliyolelewa. Watu wanaotafuta hadithi ya kutisha huuliza, "Jini wa kwetu anafananaje?" Swali hilo huleta majibu yaleyale: miguu ya ng'ombe au ya mbuzi, macho mekundu, harufu ya udi. Swali lenye mavuno ni, "Watu wa kwetu hufanya nini ili lisiwakute?" Nyumbani kwa bibi yangu, jua likishazama hapakufagiliwa, taka zilisukumwa pembeni zikangoja asubuhi. Chumvi haikutajwa kwa jina lake usiku, bali iliombwa kama "dawa ya mboga". Sindano haikuazimwa. Kupiga mluzi gizani kulileta kofi. Na aliyeitwa kwa jina kutoka nje usiku hakuruhusiwa kuitika mpaka aitwe mara ya tatu.

Nina kumbukumbu moja ya mwiko huo wa mwisho. Nilikuwa na miaka tisa, nimelala kitandani na bibi upande wa ukutani, na sauti ya kike ikaniita kutoka uani, kwa lile jina langu la nyumbani ambalo watu wachache walilijua. Nikafungua mdomo niitike. Kiganja cha bibi kilikuwa kimeshanifunika mdomo kabla sijatoa pumzi, kiganja kikavu kilichonuka kitunguu na mafuta ya taa, wala hakusema neno. Sauti haikuita tena. Huenda alikuwa jirani tu, akaona tumelala akaenda zake. Jambo lililonikosesha usingizi miaka mingi baadaye ni wepesi wa kile kiganja. Mtu aliyeamshwa na sauti hawezi kuwahi namna ile. Bibi alikuwa macho tangu mwanzo, gizani, akisubiri, na jambo alilolisubiri alilijua.

Unaona jinsi ambavyo sijamtaja jini wala mzimu, na bado pana riwaya? Chukua mwiko wowote uliolelewa nao, kisha uuandame kwa maswali. Nani aliuweka? Nini kilitokea usiku ule uliowafanya wauweke? Nani katika ukoo alinufaika, na nani alilipia? Nani leo anaufuata bila kujua sababu, na nani anajua sababu lakini amenyamaza? Swali la mwisho ndilo lenye moto, kwa maana katika hadithi nzuri za kutisha mzimu mara nyingi ni deni, na aliyekopa yuko hai bado, ameketi sebuleni, anaheshimiwa na wote.

Ukitoka nyumbani, nenda mahali penye alama za watu. Wewe ni wa Tanga, na Mapango ya Amboni hayako mbali na mji. Wageni huingia humo na kustaajabia giza, popo, na mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji kwa muda mrefu usiohesabika. Wewe ukiingia, tafuta vitu vilivyoachwa na watu, kwa sababu humo bado hufanyika tambiko na bado watu huacha sadaka zao. Simama mbele ya sadaka moja ujiulize aliyeileta alikuwa anaomba nini, aliahidi nini kama atapewa, na kama alipewa, je, alirudi kutimiza ahadi? Kwa heshima, usiiguse na usiipige picha. Ni ombi la mtu.

Ukiwahi kuvuka mpaka, fika Gedi, karibu na Malindi. Ni mji wa mawe ulioachwa msituni, wenye misikiti, jumba la mtawala na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani mwaka 1399. Kufikia karne ya 17 watu wake walikuwa wameshauhama. Wataalamu hutaja sababu kadhaa kwa pamoja, vita na misukosuko ya pwani ikiwamo, lakini iliyonigusa mimi ni ya maji: inaonekana maji ya ardhini yalikuwa yakishuka, na kisima cha karibu na msikiti mkuu kilichimbwa kikaongezwa kina. Nifikiriapo habari hiyo simwazii mzuka wa msituni. Namwazia mwanamke anayeteka maji alfajiri, ambaye kila mwaka anaunga kamba ya ndoo kwa pima nyingine, na ambaye asubuhi moja anaona ndoo imefika chini mapema kuliko jana. Maji hayajapanda. Ndoo imetua juu ya kitu.

Wala usidhani kwamba kale ndiko kwenye hofu peke yake. Enzi za ukoloni, katika miji kama Dar es Salaam na Nairobi, uvumi wa mumiani ulienea kwamba wapo watu wanaokamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa, na waliotuhumiwa walikuwa wazima moto na watumishi wa hospitali, watu wenye magari, sare na vifaa ambavyo raia hakuelezwa kazi yake. Uvumi ule ulikuwa njia ya watu kusema jambo ambalo hawakuwa na mahali pa kulisema, kwamba kuna mamlaka inayochukua miili yao bila kuwauliza. Sikiliza uvumi wa mtaa wako wa leo kwa masikio hayohayo: wa nyumba ya kupanga ambayo hakuna mpangaji anayemaliza mwaka, wa mkopo ulioingia kwenye simu ya marehemu, wa kijana aliyetajirika ghafla na watu wakasema mdogo wake ni msukule anayelima shamba usiku. Hadithi ya msukule, ukiitazama, ni hadithi ya kazi isiyolipwa.

Unaogopa kwamba mambo ya kwetu ni ya watoto. Yanakuwa ya watoto pale tu mwandishi anapoyachanganya kwenye chungu kimoja. Mzimu si pepo, pepo si mzuka, na chunusi anayewavuta waogeleaji hana kazi mlimani. Mzimu ni wa waliokufa na una mahali pake na ukoo wake. Hauwezi kumsumbua mtu asiyeuhusu bila sababu. Pepo naye ana kabila lake, lugha yake na chakula chake. Kule Unguja mashetani wa kibuki hunasibishwa na Bukini, ambayo ndiyo Madagaska, nao wakishapanda hutaka brandi. Anayepandwa huitwa kiti. Lizingatie neno hilo: mtu aliyekuwa na jina, na mume, na biashara ya vitumbua, sasa ni kiti, na kuna mwingine anayekaa. Kila kiumbe cha namna hii kina kanuni zake, na ukizijua utaona kwamba kanuni hizo ndizo zinazokuundia msuko, kwa sababu panapokuwa na sharti pana mtu atakayelivunja.

Kuna zana nyingine ambayo filamu haina, na ambayo nasikitika kuona waandishi wetu hawaitumii ipasavyo. Ni sarufi yetu. Mama yako alisema "utayaita", hakusema "utawaita". Kwa herufi moja amewaondoa majini katika jamaa ya watu na kuwaweka pamoja na mawe na maji. Sasa andika: "Bibi ameketi ukumbini. Bibi amegeuka. Bibi amenitazama." Kisha endelea: "Kimesimama." Msomaji wa Kiswahili atasita hapo, atarudi nyuma, na mgongo wake utamsisimka, kwa sababu kiambishi kimemwambia jambo ambalo mhusika mwenyewe hajalikubali. Vivyo hivyo katika kauli ya kutendwa: ameitwa, ameshikwa, amechukuliwa, ametupiwa. Lugha yetu huruhusu tendo bila mtendaji, na mtendaji asiyetajwa ndiye wa kuogopwa. Kitumie kifaa hiki mara moja au mbili tu katika kitabu kizima. Kikizoeleka kinakuwa butu.

Nifike sasa kwenye swali la ushirikina, ambalo naliona zito kuliko mengine yote. Kuandika juu ya imani si kuieneza, lakini kuna mpaka, na mpaka huo umemwagiwa damu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, ilhali wekundu ule hutokana na miaka mingi ya moshi wa jikoni. Watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa au kukatwa viungo kwa kuaminiwa kwamba miili yao huleta utajiri, na mauaji hayo ndiyo yaliyoifanya Serikali ya Tanzania mwezi Januari 2015 itangaze kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Hata katika hofu ile ya popobawa ya mwaka 1995, mtu mgonjwa wa akili aliuawa na umati wa watu kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Kwa hiyo nakuomba, na naomba kwa moyo wote: usimfanye kikongwe mwenye macho mekundu kuwa mchawi wa kitabu chako, wala usimfanye mwenye ualbino kuwa kiumbe wa ajabu. Ukitaka kitu cha kuogofya, andika juu ya ule umati. Andika juu ya mtu mpole, mwenye watoto, anayemsalimia yule mzee kila asubuhi, na andika ni kwa hatua gani amefika mlangoni kwake usiku akiwa na panga.

Umeuliza utajuaje kama wazo linatosha. Kipimo changu ni hiki: liondoe jini katika hadithi yako kwa muda, uone kilichobaki. Kama kimebaki kitu kinachouma, dada wawili wanaogombea nyumba ya marehemu, mume anayeficha chanzo cha mtaji wake, mama aliyemwacha mtoto, basi wazo lina mifupa na jini atapata mahali pa kukaa. Kama hakikubaki kitu, ulichonacho ni kisa cha kusimulia usiku mmoja, nacho si cha kudharauliwa. Kiandike kama hadithi fupi ya maneno 3,000. Kwa kweli ningekushauri uanze na hadithi fupi mbili au tatu hata kama wazo lako ni kubwa, kwa sababu taharuki ni ufundi wa mkono na hadithi fupi hukuonyesha kosa lako ndani ya juma moja, wakati riwaya hukuonyesha baada ya mwaka. Hasara yake ni kwamba unaweza kulimaliza wazo zuri katika kurasa kumi. Hivyo lihifadhi lile unalolipenda kupita yote, ujifunzie kwa mengine.

Utalazimika pia kuamua mapema kama mwishoni siri itafumbuliwa. Muhammed Said Abdulla, katika riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, alimleta mpelelezi wake Bwana Msa penye hofu ya mzimu, na akili ya mpelelezi ikaonyesha mkono wa binadamu. Njia hiyo humridhisha msomaji lakini humwondolea hofu, naye hulala vizuri. Njia ya kuacha kila kitu bila maelezo humwachia hofu lakini pia inaweza kumwachia hasira, akaona umemdanganya. Mimi napendelea njia ya katikati: jambo la kibinadamu lielezwe lote, nani alikosa na nani alilipa, na jambo moja dogo la ajabu lisielezwe kabisa.

Msaada wa ana kwa ana utauhitaji mahali pawili zaidi ya hospitali. Kama utaandika juu ya ngoma za pepo, tafuta mwenyeji anayezifahamu, akusomee kurasa hizo akwambie ulipokosea, kwa maana hayo ni maisha ya watu na wanayaona matakatifu. Na muswada ukishakamilika, mpe msomaji mmoja asiyekupenda sana, ukae naye chumba kimoja anaposoma sura ya kwanza. Usimuulize kama ameipenda. Mtazame ni ukurasa gani amenyanyua macho akatazama mlango.

Lakini kabla ya hayo yote, mpigie mama yako simu kesho asubuhi. Usibishane naye kama majini yapo au hayapo. Neno lake, "Ukiyaandika usiku, utayaita," ni mwiko, nao una mwanzo kama miiko yote. Muulize yeye aliambiwa na nani, na mtu huyo alikuwa amemwona nani akiandika.